Kitabu Kilichotiwa Muhuri

Masomo: Isaya 29:11-12, Luka 4:16-21

Ndugu zangu wapendwa katika Kristo,

Padre ameniomba niandike mahubiri ya jarida letu mwezi huu, na ameniomba niseme habari za darasa la watu wazima linalokutana katika ukumbi wa kanisa kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Nimekubali, ingawa tangu mwanzo naona shida moja. Maneno haya yatasomwa na wanaojua kusoma. Wale ambao darasa ni lao hawatayasoma. Basi leo sisemi nao. Nasema na ninyi mnaoshika karatasi hii mikononi, nami ni mmoja wenu.

Katika sura ya 29 ya kitabu chake, nabii Isaya anasema kwamba maono ya Mungu yamekuwa kwa watu wa Yerusalemu kama kitabu kilichotiwa muhuri. Kitabu hicho kinapelekwa kwa mtu ajuaye kusoma, naye anaombwa akisome. Anajibu kwamba hawezi, kwa maana kina muhuri. Kisha kinapelekwa kwa mtu asiyejua kusoma, naye anajibu kwamba yeye hakujifunza.

Angalieni mpango wa maneno hayo. Nabii hakuanza na asiyejua. Alianza na msomi. Yule wa pili ana udhuru wa kweli, kwa kuwa hakupata wa kumfundisha. Lakini yule wa kwanza ana elimu, ana macho, na kitabu kiko mikononi mwake. Hata hivyo anakirudisha kama alivyokipokea. Nawaomba tujitazame katika mtu huyo wa kwanza, na mimi nitaanza kujitazama mwenyewe.

Mwaka 1970 nilikuwa na umri wa miaka 12. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na katika nyumba yetu huku Masasi mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma. Kaka yangu mkubwa alikuwa Tanga akikata mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini siku zile. Siku moja ikaja barua yake, imeletwa na mtu aliyerudi nyumbani, na ndani yake noti nne za shilingi 10. Mama akaniita nimsomee. Barua ilisema shilingi 30 ni za mama, na shilingi 10 apewe mama mdogo, ambaye alikuwa mjane, anunue blanketi kabla ya kipupwe.

Nami siku zile nilikuwa natamani shati jipya la shule. Nikaisoma barua vizuri mpaka nilipofika mahali pale, kisha nikasoma maneno ambayo hayakuwamo. Nikasema kaka ameagiza shilingi 10 nipewe mimi, ninunue shati. Mama akafurahi, akasema, "Kaka yako anakupenda, mwanangu." Akanipa noti moja. Kipupwe kile mama mdogo alijifunika gunia la korosho. Nilimwona kwa macho yangu, nikanyamaza.

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1970 Serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema tangu 1964, alipoeleza Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, kwamba taifa haliwezi kungoja watoto wakue ndipo liendelee. Ni lazima watu wazima wasome kwanza. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zifute kabisa kutojua kusoma kabla mwaka 1971 haujaisha: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Tanga na hii yetu ya Masasi. Madarasa yakafunguliwa kila mahali, shuleni, makanisani, misikitini na chini ya miembe. Mama akajiandikisha. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye mama angeweza kumzaa. Kila alipotoka shambani alioga, akachukua daftari na kibatari, akaenda.

Jioni moja ya mwaka 1972 mama alifungua sanduku lake, akatoa barua za kaka, akaanza kuzisoma moja moja, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa nimekaa karibu na moto. Nilipoitambua karatasi ile, nilitaka kutoka nje, lakini miguu haikuinuka. Akafika pale. Akasoma silabi kwa silabi, akarudia mara tatu. Hakunipiga. Aliniuliza tu kama macho yake yamekosea. Nikamjibu kwamba hayakukosea.

Kesho yake asubuhi alinichukua mpaka kwa mama mdogo, akanipa barua ile mkononi, akasema, "Baba, msomee mama yako barua yake kama ilivyoandikwa." Nikasoma. Mama mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe mwanangu wa Tanga alinikumbuka." Ndugu zangu, kwa miaka miwili mama huyo alidhani amesahauliwa. Msimu wa korosho ulipofika niliokota korosho katika mashamba ya watu mpaka zikatimia shilingi 10, nikampelekea. Fedha niliweza kuzirudisha. Ile miaka miwili sikuweza.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba asiyejua kusoma anakosa kitu kidogo tu, ambacho jirani mwema aweza kumsaidia. Ni kweli, kumsomea mwenzako ni wema. Lakini aliye macho ya nyumba nzima ana nguvu ambayo hakuna wa kuipima. Akikosea, hakuna atakayejua. Akidanganya, hakuna wa kumshika. Tena mwenye kusomewa hana siri. Ugonjwa wake ulioandikwa katika karatasi ya hospitali, deni lake, barua ya mumewe, vyote hupita kwanza mdomoni mwa mtu mwingine. Tumewasomea wazazi wetu miaka 20 au 30, tukijiona watoto wema, na hatukuwahi kuwauliza kama wangependa kusoma wenyewe. Huenda tulipenda kuhitajiwa.

Sasa mtazameni Bwana wetu katika sura ya nne ya Luka. Aliingia katika sinagogi la Nazareti siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake, akasimama ili asome, akapewa chuo cha nabii Isaya. Akakifungua, akapatafuta mahali palipoandikwa habari njema kwa maskini na kufunguliwa kwa waliofungwa. Alipokwisha kusoma, Luka anasema, alikifunga chuo, akamrudishia mtumishi, akaketi. Jambo hili la kurudisha chuo hatulitazami sana. Yesu hakukishika chuo kama mali yake, ingawa habari iliyomo ilikuwa yake mwenyewe. Alikisoma ili watu wafunguliwe, kisha akakirudisha mahali pake, ambapo mwingine naye angeweza kukichukua siku nyingine. Mkristo aliyesoma hukishika kitabu hivyo.

Na kanisa letu lilianza hivyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipoleta hapa Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja, misioni haikuishia kuwapa sala. Kanisa na shule vilikuwa pamoja. Vivyo hivyo kule Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na katika Kiganda neno moja likatumika kwa kusoma na kwa kwenda kanisani. Wazee wale waliona kwamba mtu aliyefunguliwa mnyororo lakini hajui karatasi inasema nini bado anaweza kufungwa tena kwa karatasi.

Huenda mtu atasema, "Mwalimu, mambo hayo ni ya zamani. Siku hizi kila mtu amesoma." Ndivyo nilivyodhani mimi pia. Wakati wa Uhuru na miaka iliyofuata, watu wazima wengi wa nchi yetu hawakujua kusoma. Kazi ya miaka ya 1970 ilikuwa kubwa mno, na kufikia 1986 Serikali ilihesabu kwamba wasiojua walikuwa wamepungua kuwa chini ya 10 katika kila 100. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wamekuwa tena zaidi ya 20 katika kila 100. Imekuwaje? Miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mgumu, madarasa mengi yakafa, na vitabu na magazeti ya vijijini yakakosekana. Waliojua kidogo wakasahau, kwa kuwa hawakuwa na cha kusoma. Na watoto wengi hawakwenda shule, au waliacha mapema, kabla ada ya shule za msingi haijafutwa mwaka 2001. Watoto wale leo ndio akina mama na akina baba tunaokaa nao benchi moja katika Misa. Kusoma ni kama shamba: lisipopaliliwa, msitu hulirudia.

Nilipoombwa kufundisha darasa letu nilijiandaa kama nilivyofunzwa chuoni. Nilifikiri kila mwanafunzi atataka kwanza kusoma Injili. Siku ya kwanza niliwauliza mmoja mmoja wametaka nini. Mama mmoja, mkulima wa korosho, akajibu bila kusita, "Mwalimu, mimi nifundishe kwanza namba za mizani. Injili nitaifuata."

Nilikwenda nyumbani nikiwaza jibu hilo, nikafungua Biblia yangu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo. Katika sura ya nane, Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaoongeza bei na kudanganya kwa mizani. Basi Mungu mwenyewe anajali namba za mizani. Mama yule alikuwa karibu na manabii kuliko mimi.

Ninyi mnajua mambo ya korosho. Tangu mwaka 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka magunia yake chama cha msingi, yanapimwa, anapewa karatasi. Katika karatasi hiyo mna kilo, mna daraja, na baada ya mnada kuna bei na makato. Asiyesoma namba anaikunja, anaifunga katika kanga, na kungoja atakachoambiwa. Tena mnaijua kangomba, jinsi mtu mwenye shida ya fedha kabla ya msimu anavyouza korosho zake kwa kipimo cha bakuli, bila mizani, kwa bei anayotaka mnunuzi. Sheria inaikataza, lakini njaa ya mwezi wa pili haisomi sheria. Anayejua kuhesabu kwa maandishi aweza kukaa chini, kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14 habari za mtu ajengaye mnara, akapiga hesabu ya hasara yake kabla hajakubali.

Na sasa kuna simu. Mara ngapi nimemwona mzee akimpa kijana wa dukani simu yake pamoja na namba yake ya siri, kwa sauti, mbele ya watu? Atafanyaje? Shilingi 5,000 na shilingi 50,000 kwake ni alama zinazofanana. Noti anazitambua kwa rangi na picha, lakini simu haina rangi wala picha.

Tusidhani kwamba watu hawa hawana akili. Zamani tuliita kazi hii kufuta ujinga, na jina hilo limewaumiza wengi. Mama auzaye maandazi anapiga hesabu kichwani upesi kuliko wanafunzi wangu wengi wa darasa la saba. Anachokosa ni namna ya kuiandika hesabu ile ili ikae, na mtu asiibishie kesho. Kazi ya mwalimu ni kuanzia kwenye alichonacho. Kwa hiyo sikuanza na a, e, i, o, u. Nilianza na neno "korosho", tukalikata: ko, ro, sho. Kutoka ko tukapata ka, ke, ki, ko, ku. Kutoka ro tukapata ra, re, ri, ro, ru. Kutoka sho tukapata sha, she, shi, sho, shu. Kisha nikawaambia waunganishe wenyewe. Wakapata kuku, kura, kaka, shoka. Mzee mmoja alikaa kimya nyuma kwa muda mrefu, kisha akaja ubaoni, akachukua chaki, akaandika "shukuru". Hakuna aliyemwonyesha. Niliwahi kuhubiri mara nyingi juu ya shukrani, lakini sijawahi kuisoma mahali pazuri kama pale.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Tulianza darasa tukiwa watu 17. Leo tumebaki sita. Mzee yule aliyeandika "shukuru" ameacha. Nilikwenda nyumbani kwake kuuliza. Hakutaka kusema, lakini mkewe akasema. Jumapili moja baada ya Misa, alipokuwa anatoka mlangoni, mmoja wetu alimwita kwa sauti, "Habari ya chekechea, mzee?" Watu wakacheka. Mimi pia nilikuwepo pale mlangoni. Sikucheka, lakini sikusema neno. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilinyamaza mbele ya mtu aliyenyang'anywa kilicho chake.

Ndugu zangu, mtu mzima anayejiandikisha kusoma ameungama mbele ya watu jambo alilolificha miaka 40. Alipokuwa katika ibada aliangalia jirani anafungua ukurasa gani, naye akafungua. Alipoombwa kusoma somo alisema amesahau miwani. Kutoka hapo mpaka kukaa kwenye benchi na daftari ni safari ndefu kuliko ya kwenda Mtwara kwa miguu. Kicheko kimoja kinamrudisha alikotoka. Bwana alisema kwa ukali juu ya mtu anayemkwaza mmojawapo wa wadogo hawa, na mdogo aweza kuwa na mvi.

Basi nawaomba mambo matano, yaliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja.

Kwanza, aliyecheka aende kwa mzee yule, asiende na maelezo mengi. Nami nitakwenda pamoja naye, kwa kuwa nina langu la kuungama.

Pili, tafuteni miwani. Mtu akipita umri wa miaka 40, macho yake huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu. Wengi huacha darasa wakidhani kichwa chao ni kizito, kumbe ni macho. Mwenye miwani ya kusomea aliyoiweka sandukuni aniletee.

Tatu, vijana mliomaliza kidato cha nne na mko nyumbani, njoni mnisaidie. Mimi nina miaka 67 na sauti yangu inachoka. Lakini njoni kwa adabu. Mwanafunzi wako ni mama yako. Mwamkie kwanza, na usimsahihishe mbele ya wajukuu wake. Mikono iliyozoea jembe huibana kalamu mpaka karatasi inachanika. Mvumilie, aandike herufi kubwa kubwa, na la kwanza kuandika liwe jina lake.

Nne, tulio wasomi nyumbani tupunguze kusoma kwa niaba. Siku mama anapokuletea stakabadhi, usiichukue mkononi mwake. Kaa naye, mwonyeshe mahali kilo zilipoandikwa, aisome yeye. Itachukua muda mrefu, nawe una kazi zako. Kaa tu.

Tano, msomeeni mtu mmoja jarida hili, mtu ambaye hawezi kulisoma. Lakini msomee kama lilivyoandikwa, mpaka mwisho, hata pale panapokuchoma wewe.

Wakati wa palizi na wakati wa kuokota korosho darasa litapumzika, tusije tukamlazimisha mtu kuchagua kati ya daftari na chakula. Siku nyingine zote ukumbi u wazi. Mama yule wa mizani sasa anazisoma namba zake, na wiki iliyopita alianza Injili ya Luka kama alivyoahidi. Yuko sura ya kwanza, pale Zakaria aliyekuwa bubu anapoomba kibao cha kuandikia, anaandika jina la mwanawe, na mara kinywa chake kinafunguliwa. Aliisoma mistari ile kwa muda wa robo saa, na hakuna aliyemharakisha.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyesimama Nazareti ukasoma habari ya kufunguliwa kwetu: utusamehe sisi tuliokishika kitabu tukakifungia wenzetu. Uwape ujasiri wanaojifunza, uvumilivu wanaofundisha, na midomo yenye adabu sisi sote. Yafungue yaliyotiwa muhuri kwa woga na kwa aibu, ili kila mmoja ajisomee mwenyewe jinsi ulivyomkumbuka. Kwa ajili ya jina lako. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, darasa la watu wazima